Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Ikiwa unasoma haya umekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, na unaiogopa sakafu kama mtoto anavyoogopa maji baridi, basi nakuandikia wewe. Mimi niliiogopa sakafu kwa miaka minne. Kila nikiamka niliitazama kwanza, nikapiga bismillahi, nikashusha mguu wa kulia, na maumivu yakapanda kutoka kisiginoni mpaka kiunoni kabla sijasimama sawasawa. Leo naishukia sakafu bila kufikiri, na wallahi bado sijaizoea neema hiyo. Naandika nisije nikafa nayo peke yangu.

Mambo ya udaktari sitayaeleza kwa kuwa siyajui. Nitasimulia yaliyonipata, na upumbavu wangu nitausimulia pia, maana ndio uliochukua sehemu kubwa ya muda.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Nilikuja Nairobi karibu na uhuru, nikapata kazi ya kuuza nguo katika duka moja la Mtaa wa Biashara. Nyumba yangu ilikuwa Riruta, vyumba viwili vya kupanga, na jioni nilisomesha watoto chuoni, kwenye msikiti wetu mdogo wa mabati, uliopakana na nyumba. Msikiti ule haukuwa na imamu wa mshahara. Aliyejua kusoma nilikuwa mimi, basi nikawekwa mbele. Mali sina, cheo sina, na sura yangu si ya kumfanya mtu ageuke njiani. Lakini Mungu alinipa sauti, na nilipokuwa nikisimama mbele ya safu nikaanza kusoma, hata watoto watundu walinyamaza. Hilo ndilo nililokuwa nalo duniani. Ugonjwa ulipokuja uliiacha sauti, ukaichukua miguu.

Ulianza na goti la kushoto, mwezi wa saba, katika ile baridi ya Nairobi inayopenya chini ya kanzu. Nikasema ni baridi. Mvua za vuli zikaja, goti la kulia likamfuata mwenzake. Mwaka wa pili ikawa nyonga, kisha kiuno, kisha shingo, na mwisho kichwa, kichwa kinachogonga kila alasiri mpaka nikawa siwezi kuvumilia sauti ya mkasi ukikata kitambaa cha bafta.

Mke wangu Mwanaisha alinikanda kwa mafuta ya uto yaliyochemshwa na kitunguu thomu. Nikapigwa chuku mgongoni, damu ikatolewa. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nawaandikia watu kombe kwa zafarani, nikajiandikia langu, nikalinywa siku saba. Mganga hajigangi, wahenga walinicheka kabla sijazaliwa. Hospitali nilipewa vidonge vyeupe, halafu vya manjano, halafu mkanda wa kiuno ulionifanya nitembee kama niliyemeza mwiko.

Mwili nao ulikuwa unabadilika, nasi hatuelewi. Viatu vyangu vililika upande wa ndani tu. Magoti yalianza kugusana nikitembea. Kanzu zangu, ambazo Mwanaisha alizishona kwa kipimo kilekile cha tangu harusi, zikaanza kufagia chini.

"Baba Salma, wazama ardhini?" aliniuliza siku moja, ameushika upindo uliochafuka. Alikuwa akinitania. Kumbe alikuwa amesema kweli tupu, wala hakuna daktari aliyekuwa amefika pale alipofika yeye na sindano yake.

Ramadhani ya mwaka wa tatu, nikiwa naswalisha tarawehe, goti lilikataa. Nilikuwa katikati ya aya. Nikashika ukuta, nikamaliza rakaa nimeegemea, na nilipotoa salamu sikuthubutu kugeuka kuwatazama watu. Tangu siku hiyo nikawekewa kiti cha mbao pembeni, karibu na dirisha. Mbele akasimama Mzee Abdalla, mpishi katika nyumba moja karibu na Adams Arcade, mtu mwema sana, ambaye alijua sura tatu fupi na alizizungusha kama mtu mwenye mashati matatu. Sheria inamruhusu mgonjwa kuswali amekaa, hata kuwaswalisha wengine amekaa. Nilikuwa nawasomesha watoto jambo hilo. Lakini nilipoambiwa niswalishe kwenye kiti nilikataa. Nilikuwa na kiburi, na kiburi hakiumwi magoti.

Nyumbani nikawa mtu mbaya. Salma, binti yangu, alikuwa na miaka tisa, akajifunza kunisoma uso mlangoni kabla ya kuniamkia. Akiona nimekunja ndita, alinyamaza akaleta maji ya moto. Mwanaisha alitaka turudi Mombasa.

"Kule kuna joto, litakusaidia," alisema. "Utakaa barazani, watu watakuletea kahawa, watakuuliza masuala ya dini. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kukaa," nikamjibu.

"Hapa wasimama?"

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Alikwenda kulala chumbani kwa Salma, na kwa siku kumi hatukuzungumza ila kuhusu chumvi na mafuta ya taa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wasema watu, na mimi nilikuwa namwambia Mwanaisha hajui kunguni wangu. Sikujiuliza hata mara moja kama yeye naye alikuwa na wake. Ewe unayeumwa, jiulize hilo mapema kuliko nilivyojiuliza mimi.

Kliniki ya mifupa ilikuwa siku za Jumatano. Tulikaa kwenye benchi refu, wagonjwa zaidi ya thelathini, na kila aliyeitwa tulisogea sote, makalio kwa makalio, mpaka benchi lile likawa linang'aa kuliko meza ya daktari. Ukikaa hivyo tangu asubuhi unajua maisha ya watu. Palikuwa na mama wa Kikamba, mgongo umepinda, aliyekuja na isyo yake kwenye kibuyu kidogo, mahindi na maharagwe, na akanimegea bila kuniuliza jina. Palikuwa na dereva wa lori aliyenishikia nafasi kila nikienda uani. Nimekula karamu nyingi, lakini yale mahindi ya benchini nayakumbuka zaidi.

Jumatano moja adhuhuri ikaingia bado sijaitwa. Nikaenda kwenye bomba lililo nje, nikatawadha, nikarudi miguu mitupu, viatu mkononi. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji nyekundu, imepigwa nta mpaka unajiona ndani yake. Sista akatoka chumba cha daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru.

"Nani amepita hapa na maji? Hii sakafu imepigwa nta sasa hivi!"

"Ni mimi, Sista. Niwie radhi, nimetoka kutawadha."

Alifungua mdomo anigombeze zaidi, kisha akatazama chini. Nyayo zangu zilikuwa zimejipanga kutoka mlangoni mpaka benchini, bado hazijakauka. Akainama. Akaniambia, "Mzee, rudi kwa maji. Lowesha miguu ukuje tena."

Nikafikiri ni adhabu. Nikarudi, nikailowesha, nikaja. Benchi zima lilikuwa linanitazama.

"Hii ni miguu ama ni pasi?" aliuliza. "Ona. Mguu ya mtu inaacha nafasi hapa katikati. Yako imelala yote, kama pasi imewekwa kwa nguo. Daktari ameona hii miguu yako?"

"Mimi naumwa kiuno, Sista. Na kichwa."

"Nimeuliza miguu."

Miaka mitatu nilikuwa nimevuliwa kanzu, nimevuliwa fulana, nimepigwa picha za mifupa ya mgongo, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunivua viatu. Nikazitazama zile nyayo na mimi. Mara tano kwa siku, tangu nina miaka saba, nilikuwa nimeacha alama hizo kwenye sakafu za misikiti na nyumba, mbele ya macho yangu mwenyewe, na sikuwa nimeziona. Nywele zilinisimama. Subhanallah, nilisema, na yule mama wa Kikamba akaitikia "Amina" ingawa hakujua kwa nini.

Daktari alinisimamisha juu ya sanduku la mbao, kisha akakaa sakafuni nyuma yangu, daktari mzima na koti lake jeupe, akavitazama visigino vyangu kama mtu anayetazama mlango uliokaa upande. Akachukua kabari mbili za mbao, nyembamba, akazisukuma polepole chini ya nyayo zangu, upande wa ndani, pale penye uvungu ambao mimi sikuwa nao.

Nitajaribu kueleza kilichotokea, lakini maneno hayatoshi. Vifundo vilisimama. Magoti yaliachana, yakatazama mbele. Nyonga ikapanda. Mgongo ukajinyoosha bila mimi kuunyoosha, na shingo ikakaa juu yake. Maumivu ya kiuno, yaliyokuwa nami usiku na mchana kwa miaka mitatu, yakapungua hapo hapo. Hayakuisha, lakini yalipungua kama mtu aliyekuwa akipiga kelele akaanza kunong'ona. Yote hayo kwa vipande viwili vya mbao visivyozidi unene wa kidole! Mwili wote ulikuwa umejengwa juu ya msingi uliokaa upande, na sisi tulikuwa tunapaka chokaa ukutani. Nililia pale juu ya sanduku, mbele ya Sista na daktari, wala sikuona haya.

Ili kupata umbo la kutengenezea soli, wakanifunga miguu kwa bendeji zilizochovywa kwenye chokaa ya hospitali, baridi kwanza, kisha zikapata joto zenyewe, na walipozikata nikaiona miguu yangu mieupe mezani, mitupu ndani, imetulia. Masika yakaisha ndipo soli zikaja. Zilikuwa soli za ndani, za kutia kiatuni, ngozi juu na chuma chembamba chini, zimeinuka pale ambapo mimi nimelala.

"Zivae kila siku," daktari alisema.

"Nitazivaa, inshallah."

Nami nikazivaa kila siku, wala sikuruka hata moja. Ukapita mwezi, ikapita miwili, na goti lilikuwa vilevile. Baridi ikaja na kwenda. Vuli ikanyesha. Kiti changu cha mbao pale dirishani kikapata umbo langu. Mwezi wa nane tangu nipewe soli zile, daktari akaniuliza tena.

"Unazivaa kweli?"

"Kila siku, daktari. Wallahi."

Akashusha pumzi. Akaniambia basi limebaki jambo moja, nalo ni kisu: kukata mfupa wa kisigino, kuusogeza, kuufunga, miezi mitatu kwenye plasta, kisha mguu wa pili nao hivyo hivyo. Alikuwa mtu mkweli, akaniambia hawezi kuniahidi kwamba nitasimama vizuri zaidi ya sasa, na huenda nikasimama vibaya zaidi. Akaandika siku. Nikatoka na karatasi mfukoni. Sikumwonyesha Mwanaisha kwa wiki nzima.

Wakati huo ngozi ya juu ya soli moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa unyevu wa mvua. Mzee Abdalla akaniambia kuna fundi nyuma ya maduka ya Adams Arcade, jina lake Kioko, Mkamba, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya kutengenezea watoto waliopooza viatu na vyuma vya miguu. Nikaenda siku ya Jumapili. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda chake cha mbao, misumari midomoni. Akavichukua viatu, akazitoa soli, akazigeuza kwenye mwanga.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Za miezi ngapi?"

"Minane."

Akaitema misumari mkononi, akacheka. "Mzee, wacha hiyo. Hii kitu haijakanyagwa. Mguu ya mtu ikikaa hapa miezi mbili inaacha shimo ya vidole, inaacha jasho. Hii bado inang'aa. Wewe umeweka hii kwa sanduku."

Damu ilinipanda. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa dini, nasomesha watoto wa watu, na sijaja kuitwa mwongo na mshona viatu.

"Sijasema wewe ni mwongo. Nimesema haijakanyagwa." Hakukasirika hata kidogo. "Hebu niambie. Ukiamka unafanya nini?"

Nikamweleza kwa hasira, kama mtu anayetoa ushahidi kortini. Naamka, naenda msikitini, viatu naacha mlangoni. Narudi nyumbani, viatu naacha mlangoni. Napanda basi, nakaa. Nafika dukani, na duka letu lilikuwa la zamani, lina jukwaa la mbao lililotandikwa shuka nyeupe, hapo ndipo tunaposimama kutwa kuwafunulia wateja majora ya nguo, wala hakuna apandaye na viatu. Jioni chuoni, kwenye mkeka, viatu mlangoni. Magharibi, isha...

Nilikuwa sijamaliza kusema isha, nikavitazama vile viatu.

Kioko alikuwa anahesabu kwa vidole. "Sasa hiyo viatu unavaa wapi?"

"Kutoka kituo cha basi," nilisema, "mpaka dukani."

"Na kurudi."

"Na kurudi."

Akaniwekea viatu mapajani. "Basi viatu yako imepona, mzee. Wewe ndio bado."

Ningekasirika, lakini nilikuwa nimeshaanza kucheka, cheko lile baya linalokaribia kilio. Daktari hakuniuliza, kwa sababu kwake mtu akiwa na viatu anavivaa. Mimi sikumwambia, kwa sababu kwangu mtu anayeingia ndani na viatu hata hazungumzwi. Tulikuwa tumeelewana vizuri kabisa, kila mmoja na lake, na baina yetu kisigino kilikuwa karibu kukatwa. Saa zote nilizosimama maishani mwangu nilisimama miguu mitupu. Soli za hospitali zilikuwa zimekaa kwenye milango ya Riruta zikinisubiri.

Kuijua shida hakukuiondoa. Siwezi kupanda jukwaa na viatu, na kuingia navyo msikitini sithubutu. Nilifika nyumbani nikamweleza Mwanaisha yote, na karatasi ya kisu nikaitoa. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nilitazamia anicheke au alie. Aliisoma karatasi, akaendelea kuchagua mchele kwa muda, kisha akasema bila kuinua uso:

"Na khufu je?"

"Khufu gani?"

"Baba Salma, wanifanyia makusudi? Si wewe uwasomeshaye watoto habari za khufu kila mwaka? Soksi za ngozi. Mtu azivaa akiwa na udhu, azipangusa kwa maji badala ya kuosha miguu, aswali nazo. Mwenyeji siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Mimi nimeyajua kwa kukusikia hapa ukutani."

Nilikaa chini. Kila mwaka nilikuwa nasomesha masharti ya khufu, neno kwa neno, watoto wakiimba nyuma yangu, na sikuwahi kuziona kwa macho. Pwani kuna joto, nani avae soksi za ngozi? Niliyahesabu kuwa mambo ya watu wa mbali, wa nchi za theluji na ngamia. Ruhusa ile ilikuwa imewekwa karne na karne, imepita midomo ya walimu wangu na walimu wao, nikaibeba mimi mwenyewe kutoka Mombasa mpaka Riruta, nisijue nimebeba dawa yangu. Nilimshika Mwanaisha mkono ukiwa na makapi ya mchele. Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ambayo sikuyaandika hapo juu. Akasema, "Niwache nimalize mchele." Lakini hakuutoa mkono.

Kioko hakuwahi kusikia jambo kama lile. Nilipomwuliza ngozi zake ni za mnyama gani alikunja uso.

"Ng'ombe. Ulifikiria nini?"

"Nguruwe."

"Nguruwe tunakula, hatuvai," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka jirani yake muuza magazeti akachungulia.

Jozi ya kwanza aliikosea. Ilikuwa nzuri, laini, soli ya hospitali imeshonewa ndani, lakini ilikomea chini ya vifundo. Nikamwambia haifai, sheria inataka ngozi ifunike mguu wote mpaka juu ya vifundo, iwe imara kiasi cha mtu kuweza kutembea nayo, isipitishe maji. Nilitarajia alalamike kwa kazi mara mbili. Aliishika ile jozi, akanibinya kifundo.

"Hiyo sheria ilijua kazi," alisema. "Mimi nilikuwa najiuliza nitashika aje hii mfupa isianguke ndani. Ngozi ikipanda hapa juu, inashika. Nani alikwambia hiyo?"

Nikamwambia ni mambo ya zamani sana. Akatikisa kichwa taratibu, Mkristo yule, na akarudia, "Ilijua kazi." Kitu nilichokuwa nakijua kama sharti la swala kilikuwa ndicho kilichohitajiwa na mfupa wangu.

Za pili zilikuwa nyeusi, za kufungwa kwa kamba, na Mwanaisha alisema nafanana na askari wa sultani. Nje nilizitia ndani ya makubazi mapana, na makubazi ndiyo yaliyobaki mlangoni. Kioko aliniamuru nizivae saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, nisijifanye shujaa. Nilijifanya shujaa siku ya tatu, na miundi ikaniuma mpaka nikatambaa kwenda msalani. Wewe utakayepewa soli zako, usiogope maumivu hayo mapya, lakini usiyakimbilie pia. Misuli iliyolala miaka mingi huamka na hasira.

Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Mwezi wa pili nilisimama jukwaani mpaka adhuhuri bila kuomba kigoda. Baridi ya mwezi wa saba ikaja tena, na magoti yakapita ndani yake kimya. Kichwa kiliacha kunigonga siku ambayo siijui, maana maumivu hayaagi. Siku moja Mwanaisha alikuwa ananifulia, akaishika kanzu, akaniita nisimame uani.

"Simama sawa," alisema.

"Nimesimama."

"Basi tazama chini."

Upindo ulikuwa umepanda juu ya vifundo, upana wa vidole viwili kamili. Salma alikimbia kuleta utepe wa kupimia, akanipima mara tatu, hakuamini. Tulisimama pale watatu tukiutazama upindo wa kanzu kama watu wanaoutazama mwezi mwandamo.

Siku ya kisu ilipofika nilikwenda hospitali na khufu zangu. Daktari alikaa sakafuni tena. Alinitembeza kwenda na kurudi, akanivua, akanivisha, akazibonyeza zile ngozi kwa dole gumba. Nikamweleza milango yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa mikono, kisha akachukua kalamu akakata jina langu kwenye orodha. Sista alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe wa pasi," aliniambia.

Likabaki jambo moja, lile lenyewe. Miezi miwili zaidi niliendelea kukaa pale dirishani, na safari hii si kwa maumivu. Niliogopa. Kusimama jukwaani kuuza bafta ni jambo moja. Kusimama mbele ya safu, goti likakataa tena katikati ya aya, ni jambo jingine. Alfajiri moja Mzee Abdalla alikimu swala, akatazama dirishani, akarudi nyuma hatua moja akaingia kwenye safu. Mbele pakabaki patupu. Hakuna aliyesogea. Nilisikia watu wakikohoa. Nikainuka kwenye kiti, nikapita mbele yao, nikasimama.

Nikafunga swala. Nikasoma Alhamdu, miguu imetulia chini yangu. Nikaanza sura, nikingoja goti liseme neno, na goti halikusema. Aya ikaita aya. Sauti yangu ilipanda kwenye mabati ikanirudia, na nilikuwa nimesimama, nimesimama kweli, kisigino, goti, nyonga, uti wa mgongo, kila mfupa umekaa juu ya mwenzake kama ulivyoumbwa ukae, na mimi juu yao nasoma. Machozi yalinitiririka kwenye ndevu. Sikutaka kurukuu. Nilisoma rakaa ya kwanza nilivyokuwa nikisoma ujanani, na rakaa ya pili nikasoma zaidi.

Nilipotoa salamu nikageuka, safu nzima ilikuwa imejishika viuno. Mzee Abdalla alikuwa anasugua magoti yote mawili.

"Maalim," alisema, "alhamdulillahi umepona. Lakini miguu iliyotengenezwa ni yako peke yako. Sisi tuna hii ya zamani. Na basi la kwanza limekwenda."

Msikiti mzima ulicheka, na mimi nikacheka nikilia. Najua vyema kwamba mwenye kuwaswalisha watu huwahurumia, maana nyuma yake wako wazee na wagonjwa, na mimi kuliko wote nilipaswa kukumbuka. Kesho yake nilisoma sura fupi kuliko zote, wakawahi basi. Jumapili, duka limefungwa na watu wamekwenda makwao, nilibaki msikitini peke yangu mpaka jua likapanda. Nikafunga kamba za khufu, nikasimama kuswali dhuha, nikaanza sura ndefu kuliko zote.